Kumlaza mgonjwa kwa ajili ya utengemao akitokea nyumbani: mwongozo kwa familia za Nyanda za Juu Kusini

Familia nyingi kuanzia Tunduma hadi Iringa zinaamini kwamba mgonjwa aliyepooza akisharudishwa nyumbani, au akiwa hakulazwa kabisa tangu augue, hawezi tena kulazwa kwa ajili ya utengemao, yaani mazoezi na tiba za kumrudishia uwezo wa kujihudumia. Si kweli. Daktari anaweza kumlaza mtu aliyetoka nyumbani asubuhi hiyohiyo, mradi aone sababu. Wanaosoma kurasa za Marekani hukutana na sharti la kulala kwanza hospitali siku tatu. Sharti hilo ni la bima yao ya Medicare kwa nyumba za uuguzi, na hata huko halihusu hospitali za utengemao. Kwetu Tanzania halipo.

Kinachowakwamisha watu ni faili. Mgonjwa anayetoka wodini huja na vipimo, orodha ya dawa na maelezo ya daktari. Anayetoka nyumbani huja na ndugu watatu, kila mmoja na maelezo yake, na daktari mwenye foleni ndefu mlangoni humwandikia dawa za presha na kumrudisha kijijini. Kazi yenu ni kulijenga faili hilo wenyewe kabla ya kupanda gari.

Anza kwa kuhakikisha kwamba hii si dharura

Utengemao ni wa mtu ambaye ugonjwa wenyewe umetulia. Mkiona mojawapo ya mambo haya, msisubiri siku ya kliniki. Mpelekeni mapokezi ya dharura ya hospitali iliyo karibu, hata kama ni usiku:

- mdomo umepinda upya, mkono au mguu umeishiwa nguvu ghafla, au maneno yamepotea leo;
- presha imefika 180/110 au zaidi, tena anaumwa kichwa sana, haoni vizuri, au kifua kinabana;
- mguu mmoja umevimba, una joto na unauma kwenye misuli ya nyuma;
- homa, kupumua kwa shida, au kidonda kinachonuka;
- mkojo umegoma kutoka, au miguu imeanza kufa ganzi pamoja na maumivu ya mgongo.

Huo mguu uliovimba unahitaji neno la ziada, maana ndipo watu hukosea. Msiukande kwa maji ya moto wala kuuchua kwa mafuta. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na kuchua kunaweza kulisukuma bonge hilo hadi kwenye mapafu. Mgonjwa anaweza kufa palepale.

Aliyepooza miguu polepole, kwa wiki au miezi, huku mgongo ukiuma au ukitoa kinundu, achunguzwe kifua kikuu cha uti wa mgongo kabla ya mtu yeyote kuanza kumnyoosha. Vilevile aliyeanguka kutoka kwenye mti wa parachichi au aliyepata ajali ya bodaboda na hajapigwa picha ya mgongo: huyo anahitaji daktari wa mifupa kwanza. Na kama mwenye kiharusi hajawahi kupigwa picha ya CT ya ubongo, msimpe aspirini kwa ushauri wa jirani. Viharusi vingine ni vya mshipa uliopasuka, na aspirini huzidisha kuvuja kwa damu.

Daktari anatafuta nini

Anayeamua kulaza ni daktari. Mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) hupendekeza, na pendekezo lake lina uzito mkubwa, lakini sahihi ni ya daktari. Vichwani mwao wote wawili kuna maswali matatu: Je, mtu huyu anaweza kupiga hatua zaidi ya alipo? Je, mwili wake utahimili mazoezi ya kila siku? Je, kuna sababu gani mazoezi hayo yasifanyike akitokea nyumbani?

Swali la tatu ndilo huangusha maombi mengi. Ukisema tu "hali yake ni mbaya," hujalijibu. Jibu zuri ni la namna hii: anahitaji aina mbili za tiba kwa wakati mmoja, kwa mfano fiziotherapia ya mguu na tiba kwa vitendo ya mkono (kujifunza upya kazi za kila siku kama kula na kuvaa), presha yake hupanda akisimama na inahitaji jicho la muuguzi, kituo chenye mtaalamu kiko kilomita 60 na barabara hukatika masika, alijaribu kwenda mara moja kwa wiki na hakuna kilichobadilika. Jaribio la nje lililoshindikana, likiandikwa kwa tarehe, lina nguvu kuliko maneno yote ya kuomba huruma.

Kuhusu kuhimili, mgonjwa anayechoka baada ya dakika tano za kukaa atarudishwa. Mwandaeni. Wiki mbili kabla ya safari, mkalisheni kwenye kiti chenye mgongo na mikono mara tatu kwa siku, mkianzia dakika 10 na kuongeza kadiri anavyoweza hadi afike 30 kila mara. Miguu iguse sakafu, mkono uliolegea ulazwe juu ya mto mapajani. Msimwinue kwa kuvuta mkono huo, hata kidogo. Bega lililolegea huteguka kwa urahisi, na bega linalouma huchelewesha mazoezi ya mkono kwa miezi.

Muda nao una thamani. Baada ya kiharusi, sehemu kubwa ya nguvu hurudi katika miezi mitatu ya kwanza. Baadaye mtu bado anaendelea, ila kwa mwendo wa polepole. Kwa hiyo kikao cha familia kisisubiri mavuno ya mahindi wala Krismasi watoto warudi kutoka Dar es Salaam.

Daftari la siku saba

Chukueni daftari la kawaida la shule. Kila siku, asubuhi na jioni, andikeni presha baada ya mgonjwa kupumzika dakika tano akiwa amekaa, mkipimia mkono ulio mzima. Kama ana kisukari, andikeni sukari kabla ya chai. Andikeni pia amekaa dakika ngapi, amekunywa vikombe vingapi, amepata choo au la, mkojo unatoka vipi, ameanguka au la, na ngozi ikoje kwenye matako, nyonga, visigino na mgongo wa chini. Doa jekundu lisilopauka ukilibonyeza kwa kidole ni mwanzo wa kidonda cha kulalia. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, usiku pia, mkipanga zamu. Kidonda chenye kina kirefu kinaweza kumnyima nafasi ya mazoezi, kwa sababu hawezi kukaa.

Mjaribuni kumeza akiwa ameketi wima kabisa: kijiko kimoja cha maji. Akikohoa, au sauti ikawa kama ina maji kooni, msiendelee kumpa vya majimaji, na mwambieni daktari siku hiyohiyo. Chakula kikipita njia ya hewa huleta nimonia.

Kisha kwenye ukurasa mmoja, si zaidi, andikeni muhtasari. Huu ni mfano:

*Mwanamke, miaka 58, mkulima, wilaya ya Rungwe. Kiharusi, upande wa kulia, wiki 6 zilizopita. Alitibiwa kituo cha afya, hakulazwa. Presha ya siku 7: kati ya 130/80 na 150/90. Dawa: (majina, miligramu, mara ngapi). Kabla ya kuugua: alilima, alipika, alijihudumia chooni. Sasa: anageuka kitandani mwenyewe, anakaa ukingoni mwa kitanda dakika 20 bila kushikwa, anasimama dakika 1 akishikwa na mtu mmoja, hawezi kupiga hatua. Anaelewa yote, anatamka kwa shida. Mazoezi ya nje: mara 1 kwa wiki, wiki 3, kukaa kumeongezeka, kusimama bado. Anayemhudumia: binti yake, anaishi naye. Lengo: kuhama kitandani kwenda kitini akisimamiwa tu, na kufika choo kilicho hatua 25 kutoka mlangoni.*

Angalieni mstari wa lengo. "Apone" halipimiki. "Afike chooni, hatua 25" linapimika, na mtaalamu akilisoma anajua aanzie wapi. Mstari wa "kabla ya kuugua" pia usirukwe: bibi wa miaka 70 aliyekuwa akipanda mlima na mzigo wa kuni kichwani ni mgombea mzuri kuliko anavyoonekana akiwa kwenye kiti mwendo, lakini daktari hawezi kulijua hilo bila kuambiwa.

Pakiti za dawa zote ziwekwe kwenye mfuko mmoja, pamoja na za kienyeji anazotumia. Msizifiche. Baadhi ya mitishamba hugongana na dawa za presha na za kuzuia damu kuganda, na daktari akijua anaweza kupanga.

Njia ya rufaa, na simu ya kupiga kabla ya safari

Anzieni kituo cha afya au hospitali ya wilaya ili mpate fomu ya rufaa. Mwombeni tabibu aandike wazi "kwa tathmini ya utengemao na uwezekano wa kulazwa," asiishie kwenye "kiharusi." Maneno hayo ndiyo yanayompeleka mgonjwa kwenye dirisha sahihi.

Kwa ukanda huu, ngazi ya juu ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na chini yake ziko hospitali za rufaa za mikoa, Iringa ikiwemo. Hospitali za makanisa, kama Ikonda kule Makete, Ilembula, Tosamaganga, Chimala na Igogwe, zinaweza kuwa karibu zaidi nanyi. Nje ya ukanda, hospitali za KCMC ya Moshi na CCBRT ya Dar es Salaam zina uzoefu mrefu wa utengemao na viungo bandia. Msisafiri kwenda popote kabla ya kupiga simu, na mkipiga ombeni kuzungumza na idara ya fiziotherapia yenyewe. Ulizeni hivi:

Mnalaza mgonjwa wa mazoezi anayetoka nyumbani, na analala wodi gani? Kliniki ya daktari anayesaini ni siku gani? Mazoezi ni siku ngapi kwa wiki, mara ngapi kwa siku? Kuna tiba kwa vitendo? Kuna mtaalamu wa matamshi? (Hawa ni wachache sana nchini, hivyo jibu la "hapana" lisiwavunje moyo.) Ndugu anaruhusiwa kulala?

Swali la siku ni la pesa pia. Mahali pengi idara ya mazoezi hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, mchana. Ukilazwa Ijumaa, unalipia kitanda siku mbili bila zoezi hata moja. Fikeni mapema wiki, asubuhi.

Hospitali nyingi hazina wodi iliyotengwa kwa utengemao. Mgonjwa hulazwa wodi ya kawaida na kuteremshwa chumba cha mazoezi. Hilo si kasoro ya kuwafanya mkatae kitanda, ila lina hatari moja: wodi ikijaa, mgonjwa wa mazoezi anaweza kusahauliwa. Ndugu aliye naye ajue saa ya zoezi na amwandae nusu saa kabla, ameshakunywa dawa, amekwenda haja na amevaa viatu.

Pesa, bima na msamaha

Kabla ya kulazwa, nendeni dirisha la bima na kadi na kitambulisho cha NIDA, muulize vitu vitatu kimoja kimoja: siku za kulala, kila zoezi, na vifaa kama magongo, kiti mwendo au mguu bandia. Kadi inayolipia kitanda si lazima ilipie na kifaa. Familia nyingi hukwama siku ya mwisho, mgonjwa akiwa tayari kutembea na hakuna cha kutembelea. Kama hamna bima, ulizeni bei ya siku, bei ya zoezi na kiasi cha kutanguliza, kisha zidisheni kwa wiki tatu ili mjue mnaingia kwenye nini.

Wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza wana haki ya msamaha. Barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa ipatikane kabla ya safari, na afisa ustawi wa jamii wa hospitali aonwe siku ya kwanza. Kumfuata bili ikishatoka ni kazi ngumu zaidi.

Pimeni nyumba

Mtaalamu hawezi kumfundisha mtu kuishi katika nyumba asiyoijua. Chukueni utepe wa fundi cherehani. Pimeni upana wa mlango wa chumba, wa sebule na wa choo. Urefu wa kitanda kutoka sakafuni. Urefu wa kila kidato mlangoni. Na umbali hadi chooni. Pigeni picha za simu za njia yote, mteremko na matope yakiwemo. Viti mwendo vingi vina upana wa sentimita 60 hadi 70 magurudumu yakihesabiwa, na baadhi ya milango ya vyumba vya ndani haivipitishi. Bora mjue hilo sasa, fundi angali ana muda wa kupanua.

Choo cha shimo kinahitaji mazungumzo ya peke yake. Mgonjwa akifundishwa hospitalini kukaa kwenye choo cha kukalia, halafu akarudi kwenye cha kuchuchumaa, atarudia kutumia beseni chumbani. Semeni mapema. Seremala wa kijijini anaweza kutengeneza kiti kizito chenye tundu, cha kimo cha goti la mgonjwa, karibu sentimita 45, na upau imara wa kushikia ukutani upande wa mkono wenye nguvu. Mgonjwa afanye mazoezi juu ya kiti cha namna hiyo akiwa bado hospitalini.

Atakayekaa naye

Mchagueni yule atakayebaki naye nyumbani baadaye. Mara nyingi hutumwa kijana aliye likizo kwa sababu ana nafasi, anajifunza kila kitu vizuri, kisha anarudi chuoni na ujuzi unaondoka naye. Kama ni mama anayehudumiwa na mkwewe, na yeye anaona haya kuvuliwa nguo na mkwe, tafuteni mapema binti au dada wa kusaidiana. Na mgonjwa mwenyewe aulizwe, kwa heshima, akiwa macho na bila haraka. Mzee aliyepelekwa kwa nguvu hufunga macho kwenye chumba cha mazoezi, na hakuna mtaalamu atakayemfanya asimame.

Mizigo: shuka nne, blanketi mbili, mpira wa kutandika kitandani, beseni, ndoo, suruali au sketi za mpira kiunoni, soksi, na raba zinazofunika kisigino. Kandambili huteleza na huangusha watu.

Barabarani

Gari ndogo au Noah ni bora kuliko basi kwa mwenye mwili mlegevu. Kiti cha mbele kilazwe kiasi, mkono mlegevu uwe juu ya mto, mkanda ufungwe. Asiyehisi makalio akalie godoro la sponji nene, la sentimita 8 hadi 10, na ainuliwe au aegeshwe upande kila nusu saa. Simameni kila saa moja na nusu, anyooshwe miguu. Mwenye mpira wa mkojo, mfuko ubaki chini ya usawa wa kibofu muda wote na mrija usikunjwe. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu, kifuani au shingoni, akianza ghafla kuumwa kichwa cha kupasuka na kutokwa jasho, mkalisheni wima, mlegeze nguo, kagueni kama mrija umekunjwa, na msiondoke hapo kwenda kokote isipokuwa hospitali.

Baridi ya Makete, Njombe na Mafinga mwezi Juni na Julai huvuta misuli iliyokaza ikakaza zaidi. Mfunikeni vizuri, lakini chupa ya maji ya moto isiguse mguu usiohisi, wala asisogezwe karibu na jiko la mkaa. Ngozi hiyo huungua hadi mfupani naye hajui. Jiko lililowashwa ndani ya chumba kilichofungwa nalo huua kwa hewa ya sumu.

Kwenda Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Gaweni safari, mlale Iringa au Morogoro.

Mkishafika

Toeni ule ukurasa mmoja kwanza, daftari baadaye. Msemaji awe mmoja. Daktari akikataa kulaza, msibishane. Ombeni aandike sababu na kipimo kinachosubiriwa: presha ishuke hadi ngapi, kidonda kifunge, akae dakika ngapi. Ombeni pia programu ya mazoezi ya nyumbani na tarehe ya kurudi kutathminiwa. Mkirudi na kipimo hicho kimetimia, hamwanzi tena upya. Jibu likiwa ni kwamba hakuna kitanda, ulizeni kama mnaweza kupanga chumba karibu na hospitali na kuja mazoezi kila siku kwa wiki mbili au tatu. Kwa baadhi ya wagonjwa njia hiyo nayo huzaa matunda.

Akilazwa, siku ya kwanza au ya pili ombeni kukaa na mtaalamu mkubaliane malengo mawili au matatu na tarehe ya kuyapima. Aliyekatwa mguu chini ya goti asiwekewe mto chini ya goti hata akilalamika. Goti likizoea kukunja halitanyooka, na mguu bandia hautavalika vizuri. Alale kifudifudi dakika 20 hadi 30, mara mbili au tatu kwa siku, ili nyonga isikaze.

Kabla ya kuruhusiwa, anayemhudumia amhamishe mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti na kurudi, mara tatu mfululizo, mtaalamu akitazama bila kugusa. Akishindwa, ombeni siku mbili zaidi za mafunzo. Mkishafanikiwa, chukueni cheti cha kuruhusiwa chenye orodha ya dawa, mazoezi yaliyochorwa au kurekodiwa kwenye simu, na jina la kituo cha karibu kitakachoendelea naye, kisha mpeleke nakala kituoni hapo ndani ya wiki ya kwanza.